Kipaji changu ni hesabu, si kuimba. Nimtumikieje Mungu?

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na kazi yangu ni uhasibu. Kanisani kwetu tunahimizwa kila mara kwamba kila mtu ana kipaji na akitoe kwa Bwana. Mimi sikujua changu ni kipi, basi nikawa naingia popote palipopungua mtu. Leo naimba alto, yaani sauti ya pili, kwenye kwaya, mazoezi jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila jioni, na Jumapili tunakutana saa moja kabla ya ibada. Nafundisha shule ya Jumapili kila wiki. Jumapili moja kwa mwezi nakaa mlangoni kupokea wageni. Sauti yangu ni ya kawaida tu. Siku hizi nafika mazoezini nimechoka, na somo la watoto nalifungua asubuhi ileile ninayolifundisha.

Mzee wetu aliyekuwa mweka hazina kwa miaka mingi ameomba kupumzika kwa sababu macho yake yamepungua nguvu. Mchungaji ameniomba nichukue nafasi hiyo. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi nikiwa kwaya, kisha nikaingiwa na aibu, maana mwenzangu wa kwaya aliniambia, "Hiyo ni kazi ya dunia. Karama ni kuimba, kuhubiri na kuombea. Utaiacha madhabahu ukakae na makaratasi?"

Kuna jambo jingine. Kwa sasa mweka hazina huondoka na kapu la sadaka, akahesabu nyumbani kwake, akaandika daftarini, akapeleka benki siku akipata nafasi. Likitokea hitaji la haraka Jumapili, fedha hutolewa kapuni kabla ya kuhesabiwa. Nilipopendekeza wahesabu watu wawili, mzee mmoja alinisomea 2 Wafalme 12:15, kwamba wale watu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Akasema naleta mashaka ya ofisini ndani ya nyumba ya Mungu. Sipendi kuwavunjia wazee heshima. Je, nikubali utaratibu wao kwanza, halafu nibadilishe polepole? Washirika wetu ni kama 200.

Mume wangu naye anauliza kama kazi hii ina malipo. Nisaidieni.

Mama wa Madaftari

JIBU

Dada yetu mpendwa,

Kabla ya yote fungua Kutoka 38, habari za ujenzi wa Hema la Mungu jangwani, ukiwa na kalamu, usome kuanzia mstari wa 24. Wanaume waliohesabiwa ni 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli. Jumla yake ni shekeli 301,775. Talanta moja ilikuwa na shekeli 3,000, kwa hiyo tunapata talanta 100 na shekeli 1,775, na ndivyo hasa mstari wa 25 unavyosema. Endelea hadi kwenye matumizi: talanta 100 zilisubu vitako 100 vya kusimamishia mbao na nguzo, talanta moja kwa kila kitako, na zile shekeli 1,775 zikatengeneza kulabu za nguzo pamoja na mapambo ya vichwa vyake. Kilichoingia na kilichotumika vinalingana mpaka shekeli ya mwisho. Mstari wa 21 unasema hesabu hiyo iliandikwa na Walawi chini ya mkono wa Ithamari, mwana wa Haruni kuhani. Kwa hiyo aliyekuambia umekaribia kuiacha madhabahu ukakae na makaratasi, mwonyeshe kwa upole kwamba taarifa ya mapato na matumizi ya Hema imo ndani ya Maandiko, na walioiandika walikuwa watumishi wa Hema hilohilo.

Orodha ya karama nayo ni pana kuliko alivyokuambia. Paulo, katika 1 Wakorintho 12:28, anataja masaidiano na maongozi pamoja na miujiza na uponyaji. Warumi 12:8 inamtaja mwenye kukirimu na mwenye kusimamia. Kutoka 35 inasema Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na katika sura hiyohiyo wamo wanawake waliosokota singa za mbuzi kwa sababu mioyo yao iliwahimiza. Na wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa ili mgao wa kila siku wa wajane ugawiwe kwa haki, nao walitakiwa wawe wamejaa Roho na hekima, wenye sifa njema. Kwa kazi ya kugawa chakula! Mitume hawakuiona kuwa kazi ya daraja la chini.

Furaha uliyoipata ni dalili njema, ila peke yake haitoshi. Wapo wanaofurahia kuimba na masikio ya wengine yanateseka. Sisi hutazama mambo matatu kwa pamoja. Je, wengine wananufaika na unachofanya, na wanasema hivyo bila kuulizwa? Je, unaendelea kukua katika jambo hilo kila mwaka? Na je, wenye dhamana ya kanisa wamekiona kipaji hicho wenyewe? Kwenye hesabu unajibu ndiyo mara tatu. Kwenye kwaya, kwa maneno yako mwenyewe, unajibu ndiyo labda mara moja. Hilo halikupunguzii thamani kwa Mungu. Linakuonyesha tu ulikuwa umeziba pengo, na kuziba pengo ni upendo, lakini mtu hazibi pengo lilelile maisha yake yote.

Tuje kwenye saa zako. Kwaya inachukua saa 4 za mazoezi na saa 1 ya Jumapili, yaani zaidi ya saa 20 kwa mwezi. Hazina ya kanisa la watu 200, ikiwa na utaratibu mzuri, huchukua kati ya saa 12 na 15 kwa mwezi: kuingiza mapato ya kila Jumapili, kuandaa malipo, na kufunga mwezi, kazi ambayo nusu yake huangukia siku kumi za mwanzo wa mwezi unaofuata. Mwenye kuchanganya hivyo viwili pamoja na shule ya Jumapili, ajira na watoto wawili ataharibu kimojawapo, na mara nyingi kinachoharibika ni kile ambacho hakuna anayekitazama, yaani daftari. Hesabu 4 inaonyesha jinsi Mungu alivyogawa mizigo ya Hema: Wakohathi walibeba vyombo vitakatifu, Wagershoni mapazia, Wamerari mbao na nguzo, na vitu vya Wamerari viliandikwa kwa majina. Hakuna Mlawi aliyepewa pazia na mbao kwa pamoja.

Basi ushauri wetu ni huu: toka kwaya, toka mlangoni, na shule ya Jumapili ufundishe wiki moja na kupumzika inayofuata, mkipokezana na mwalimu mwingine. Akikosekana mwalimu wa kupokezana nawe, achia hiyo pia kwa mwaka wa kwanza. Watoto wanaofundishwa somo lililofunguliwa asubuhi hiyo wanajua, hata kama hawasemi.

Kwaya haiachwi kwa kufifia. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo linaloleta uchungu mwingi makanisani: mtu anakosa zoezi moja, kisha mawili, kisha anasema "nitakuja nikipata nafasi". Sauti za kati zinajengwa kwa idadi. Alto wakiwa watano na mmoja haeleweki yupo au hayupo, kiongozi hawezi kupanga nyimbo wala kumwandaa mwingine. Mwendee kiongozi wa kwaya ana kwa ana kabla hajasikia kwa mtu mwingine, wala usimtumie ujumbe kwenye kundi la simu. Mwambie sababu ya kweli kwa sentensi mbili: umeitwa kwenye hazina, na huwezi kufanya yote mawili vizuri. Usisingizie koo wala watoto, kwa sababu koo litapona na watoto watakua, na utaulizwa unarudi lini. Mpe wiki 6 hadi 8, na kama sikukuu kubwa imekaribia imba mpaka ipite. Katika wiki hizo keti karibu na yule atakayeshika sauti yako, hasa kwenye nyimbo ambazo alto inaingia peke yake au inavuka chini ya sauti ya tatu. Siku ya mwisho rudisha sare ikiwa imefuliwa na daftari la nyimbo likiwa kamili. Baadhi watakununia kwa muda. Waendelee kukuona umekaa ibadani ukiimba nao kutoka kwenye benchi, na usijitetee.

Sasa lile andiko la mzee. Amelisoma sawasawa, ila ameanza mbali sana na mwanzo wake. Rudi nyuma hadi mstari wa 6: katika mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa bado hawajatengeneza mabomoko ya nyumba. Utaratibu wa mwanzo, ambao fedha zilipokelewa na kila kuhani kutoka kwa watu anaowafahamu, ulikuwa umeshindwa. Ndipo mstari wa 9, Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Mstari wa 10: walipoona fedha zimekuwa nyingi kashani, akaja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazifunga mifukoni na kuzihesabu. Watu wawili, kutoka ofisi mbili, mmoja wa ikulu na mmoja wa hekalu. Mstari wa 11: fedha zilizokwisha kupimwa ndizo zilizokabidhiwa wasimamizi wa kazi. Wale ambao hawakudaiwa hesabu katika mstari wa 15 ni hao wasimamizi waliowalipa mafundi, tena baada ya fedha kuhesabiwa na watu wawili na kupimwa. Sura hiyo ni hoja yako, dada. Nenda kwa mzee faraghani, mwombe msome pamoja kuanzia mstari wa 4, umwache aone mwenyewe. Usimsomee mbele ya kikao.

Ukitaka la kuongeza, Ezra 8 ina makuhani 12 waliopimiwa fedha, dhahabu na vyombo kabla ya safari, na walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena mbele ya watu wanne waliotajwa kwa majina, na uzani wote ukaandikwa. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:16-22, anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili ili mtu asiwalaumu katika habari ya mchango ule, akisema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Na yule aliyeshika mfuko peke yake, Yuda, tunamjua kutoka Yohana 12:6.

Kwa hiyo, kuhusu swali lako kama ukubali kwanza kisha ubadilishe polepole: hapana. Hapa hatupepesi macho. Mambo mengine ya kanisa yanastahili subira, mpangilio wa viti, vitabu vya nyimbo, saa ya ibada. Fedha zinazohesabiwa na mtu mmoja nyumbani kwake si mojawapo. Siku sadaka ikipungua, hata kama imepungua kwa sababu ya mvua, wewe hutakuwa na karatasi yoyote ya kukutetea. Unampa Mungu ufundi wako, na ufundi huo una kanuni zake. Ukimpa ufundi ukaziacha kanuni mlangoni, unampa jina la kazi tu. Fundi seremala hatupi kipimo chake kwa kuwa meza ni ya Komunyo.

Mwandikie mchungaji barua ya ukurasa mmoja, ya unyenyekevu, useme unaipokea nafasi kwa furaha na unaomba kikao kiridhie mambo manne kabla hujaanza. Mpe yeye kwanza, mzungumze, ndipo aipeleke kwa wazee. Mambo yenyewe ni haya, pamoja na jinsi yanavyofanyika.

La kwanza ni kuhesabu kanisani, mara tu baada ya ibada, na watu wawili au watatu wasio ndugu wala mume na mke, wakibadilishana zamu kila mwezi. Wewe mweka hazina usiwe mmoja wao. Watu hushangaa tukisema hivi, lakini anayehesabu akiwa ndiye anayeandika daftari, anaweza kufanya pande zote mbili zikubaliane na hakuna atakayegundua, na hata akiwa mwaminifu hana wa kumshuhudia. Kwenye meza iwepo fomu yenye mistari ya kila aina ya noti na sarafu, na safu za zaka, sadaka ya kawaida, na kila mchango maalum. Bahasha zifunguliwe moja moja, kiasi kilichomo kiandikwe juu ya bahasha hapohapo, na kama kinatofautiana na alichoandika mtoaji, wote wawili waweke alama ya saini zao pembeni. Bahasha zitunzwe mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe. Mmoja ahesabu, mwingine arudie bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana wahesabu tena, wasigawanye tofauti katikati. Watie saini kwa kalamu ya wino, nakala tatu: moja iende na fedha, moja kwako, moja kwa katibu wa kanisa. Kazi hii kwa watu 200 ni chini ya saa moja wakishazoea. Waanze kwa maombi.

Fedha zisiende nyumbani kwa mtu. Watu wawili wazipeleke benki siku ya kwanza ya kazi, na kwa usiku ule zilale katika sanduku la chuma lenye kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu wake. Stakabadhi ya benki ikirudi, iambatishwe kwenye fomu. Tarakimu zake ziwe sawa na za fomu bila kupungua hata sarafu. Zile zinazoingia kwa simu ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, siyo ya mchungaji wala yako, na taarifa yake itolewe kila mwezi kama ya benki.

La pili linafanana na hilo: pasitoke kitu kapuni kabla ya kuhesabiwa. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi, na hufanywa na watu wema. Mgeni anahitaji nauli, taa imeungua, mtu anachukua kidogo kapuni. Madhara yake ni mawili kwa wakati mmoja: mapato yanaandikwa pungufu, na matumizi hayaandikwi kabisa, kwa hiyo mwisho wa mwaka kanisa halijui lilipewa kiasi gani wala lilitumia kiasi gani, na mtoaji aliyetia bahasha yake akihoji, jibu halipo. Dawa ni kuwa na fedha za matumizi madogo zenye kiwango kisichobadilika. Tuseme 500. Kila anayechukua anaacha risiti au hati iliyosainiwa. Saa yoyote ukifungua kisanduku, risiti ukijumlisha na fedha zilizobaki lazima zifike 500: ukikuta 140 taslimu, risiti ziwe 360, na kiasi utakachojaza tena kutoka benki ni 360, si zaidi. Kisanduku akishike mtu mmoja tu, ambaye si wewe, nawe ukikague bila kumwarifu siku yenyewe.

La tatu, malipo. Anayeomba, anayeidhinisha na anayesaini wasiwe mtu mmoja. Kila malipo yawe na hati yenye tarehe, anayelipwa, sababu, mfuko unaotozwa, na risiti nyuma yake. Hundi au uhamisho wa benki uwe na saini mbili, na kamwe msisaini hundi tupu eti kwa sababu mwenzako anasafiri. Heri malipo yachelewe wiki.

Katika hili la malipo ndipo michango maalum inapopotelea. Akaunti inaweza kusoma 1,000 na wazee wakadhani wana 1,000, kumbe 600 ni za ujenzi, 250 ni za wajane, na zilizo huru ni 150 tu. Bili ya umeme inakuja ya 300, inalipwa, na hakuna aliyeiba, lakini fedha za wajane zimekwisha kuguswa. Weka safu tofauti kwa kila mfuko katika daftari, na kila mwezi onyesha salio la kila mmoja, si salio la benki peke yake. Ikilazimu mfuko mmoja ukopeshe mwingine, iwe ni kwa uamuzi ulioandikwa katika muhtasari wa kikao, wenye tarehe ya kurudisha. Na kama mchango ulitolewa kwa ahadi kwamba ni wa wajane, sisi tungesema usikopeshwe kabisa.

La nne, taarifa na ukaguzi. Kila mwezi wazee wapate ukurasa mmoja, kila miezi mitatu washirika wasomewe, na kila mwaka watu wawili wenye ujuzi walio nje ya kamati ya fedha wakague vitabu. Wewe unajua kulinganisha daftari na benki, lakini atakayekurithi huenda hajui, kwa hiyo andika hatua zake kwenye jalada la ndani la daftari. Kwanza ingiza daftarini makato ya benki yaliyomo kwenye taarifa. Kisha chukua salio la taarifa, tuseme 5,200. Ongeza fedha ulizopeleka ambazo bado hazijaonekana, 300. Toa hundi zilizoandikwa na fedha zake hazijachukuliwa benki, 450. Daftari lisome 5,050. Likikataa, tazama tofauti. Ikigawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu, kama 540 kuandikwa 450. Ikigawanyika kwa 2, tafuta kiasi sawa na nusu yake, huenda kimeandikwa upande usio wake. Hundi ambayo fedha zake hazijachukuliwa kwa miezi mitatu isiachwe kwenye orodha tu. Mpigie simu aliyeandikiwa.

Majina ya watoaji na viwango vyao ni siri. Si kwa mume, si kwa mchungaji akiuliza kwa kupitapita, si hata katika maombi ya pamoja. Kama kanisa lina sera ya nani anaruhusiwa kuona, ifuatwe hiyo. Kama halina, omba iandikwe.

Kuhusu yule mzee anayepumzika. Tunakusihi umheshimu kwa vitendo. Utaratibu ulikuwa na kasoro, naye alikuwa mwaminifu ndani yake, na mambo hayo mawili yasichanganywe kanisani. Usiseme "tunarekebisha", sema "tunaendeleza". Makabidhiano yafanyike akiwa ameketi, na mashahidi wawili: fedha taslimu zihesabiwe mbele yenu nyote, taarifa ya benki iishie tarehe hiyohiyo, iorodheshwe mikopo na bili ambazo hazijalipwa, vitabu vya risiti vitajwe kwa namba za mwanzo na mwisho, funguo na mali zikabidhiwe, kisha nyote msaini. Ukipokea bila karatasi hiyo, pengo lolote la zamani litahesabiwa kuwa limeanza kwako. Na ukikuta pengo, liandike kama lilivyo, lipeleke kwa mchungaji na mwenyekiti wa wazee wakiwa pamoja, usilisemee popote pengine, na usikisie sababu. Mara nyingi ni risiti iliyopotea. Hesabu 8:25-26 inasema Mlawi akifika miaka 50 aliacha kazi nzito lakini aliendelea kusaidiana na ndugu zake. Mwombe mzee awe mmoja wa wanaokwenda nawe benki. Anawajua watu, na watu wanamwamini.

Nafsi yako nayo iangalie. Mwenye kipaji cha hesabu hujaribiwa kuwaona wasiojua kuwa wazembe, na hujaribiwa kutawala kanisa kupitia kitabu cha hundi. Kazi yako ni kueleza kilichopo na kulinda utaratibu. Kuamua kanisa lifanye nini ni kwa kikao, hata wakiamua jambo ambalo wewe ungelipanga vingine, mradi ni halali na fedha zipo.

Mwambie mume wako kwamba kwa saa 12 hadi 15 kwa mwezi hii ni huduma ya kujitolea, lakini gharama za karatasi, simu na usafiri wa benki zirudishwe kwa risiti, kupitia utaratibu uleule wa wengine, na anayeidhinisha asiwe wewe. Kazi ikikua mpaka ihitaji siku nzima kila wiki, hapo kanisa liajiri kwa mkataba, wala si dhambi kuzungumzia mshahara. 1 Nyakati 9:33 inataja waimbaji waliosamehewa kazi nyingine kwa sababu walikuwa kazini mchana na usiku.

Wazee wakiyakataa hayo manne, usiipokee nafasi. Washukuru, wala usiondoke kanisani kwa hasira. Kipaji hakitakosa pa kutumika: wafundishe vijana na wajane kuandika mapato na matumizi ya nyumba zao, wasaidie wenye biashara ndogo washirika wenzako kutunza daftari, na ombi lako liache mezani, mara nyingi hurudiwa mwaka unaofuata. Wakikubali, omba muda ulioandikwa, miaka 3, na kuanzia mwaka wa pili uwe na msaidizi anayejifunza kwa kufunga mwezi yeye mwenyewe huku wewe ukitazama.

Makabidhiano yawe siku ya mwisho ya mwezi, si katikati yake, ili taarifa ya benki na daftari la mzee vifungwe kwa tarehe moja, nawe uanze ukurasa mpya tarehe 1.